Wiki Moja na Daftari la Mapacha wa Kakamega

Nyinyi wa nyumbani Kisauni huniuliza kila nikija likizo: wewe nesi mzima, unalipwa mshahara kwa kupima watu ambao hawaumwi? Nikijibu kwamba napima mapacha, ndio kabisa mnaangua kicheko. Basi leo nimekaa kitako niwasimulie safari moja tu, ile ya Kakamega katikati ya miaka ya tisini. Mkishamaliza kusoma, anayetaka kucheka acheke.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Ofisi yetu Nairobi ilikuwa chumba kimoja na nusu, ghorofa ya pili. Humo mlikuwa na kabati la chuma, na ndani ya kabati mlikaa daftari za mapacha wa wilaya kadhaa, majina yao na vipimo vyao. Mapacha wa kufanana ni donge moja la unga lililokatwa vipande viwili. Kimoja ukikipika kwenye jiko la makaa na cha pili kwenye moto wa kuni, tofauti utakayoiona haikutoka kwenye unga, imetoka motoni. Wale wasiofanana wao ni ndugu wa kawaida, ila walikaa tumboni wakati mmoja. Ukiwapima wote presha, uzito na sukari mwaka baada ya mwaka, ukalinganisha hawa na wale, unaanza kujua maradhi gani mtu ameyarithi kwa wazazi wake na yapi ameyatafuta mwenyewe kwa chumvi, sigara na kukaa kutwa kwenye kiti.

Daftari la Kakamega ndilo lililokuwa roho ya kazi ile. Huko tulikuwa na mapacha watu wazima walioachana njia: mmoja yuko shambani kwenye miwa, mwenziwe karani mjini au mwanafunzi wa chuo. Aliyekuwa akiwapima wote ni mtu mmoja, mhudumu wa afya aitwaye Felistas Khayesi. Nilimfundisha mimi mwenyewe kwa wiki mbili, na kwa namna nilivyokuwa nikimsifu, ungedhani nimemzaa.

Sasa siku moja mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Daktari tu, akaniita mezani kwake. Alikuwa amepanga kurasa za Kakamega mstari kwa mstari. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: kila jozi ilikuwa na presha moja. Sisemi zilikaribiana, zilikuwa namba zilezile. Hata mtu mmoja ukimpima asubuhi mara mbili hazilingani hivyo. Daktari akasema huyu mama hapimi mtu, anakaa kwake anajiandikia. Mimi nikabisha, naye akaniacha nibishe mpaka pumzi zikaniishia. Kisha akatoa bahasha.

"Una wiki moja," akasema. "Nenda kapime mwenyewe. Ukikuta namba ni za kubuni, mpe barua hii ya kumwachisha kazi, na daftari lote la Kakamega nalitupa."

Nilitoka pale nimefura. Kwanza nilimkasirikia Daktari, nikaja nikamkasirikia Felistas, mwisho nikajikasirikia mwenyewe, maana kama mwanafunzi alibuni, mwalimu wake nani? Barua niliitia chini kabisa ya mkoba, chini ya kanga na mswaki, kana kwamba ikikaa mbali nami haitakuwa yangu.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka Nairobi. Mashine ya presha, ile ya zebaki yenye kisanduku kizito, nilikataa kuiweka juu ya basi; niliipakata njia nzima. Kosa langu. Mama aliyekaa nami aliuliza ni nini, nikamwambia, na kabla ya Naivasha safu nne za viti zilikuwa zimekunja mikono ya shati. Tuliposimama Nakuru kunywa chai niliwapima sita. Dereva peke yake alikataa. Alisema akikutwa mgonjwa, nani atatufikisha, na abiria wote wakakubaliana naye kwamba asipimwe.

Saa sita mchana tulikuwa Kericho kwenye majani ya chai yaliyonyolewa sawasawa, na saa nane tukawa Kisumu kwenye joto lililonikumbusha nyumbani. Kutoka hapo barabara inapanda. Ukifika Maragoli kuna mawe makubwa yamekaa juu ya vilima na katikati ya mahindi ya watu, na wenyewe wanalima kuyazunguka bila kuyajali. Njia hiyo yote sikuona uzuri wake vizuri, nawaambia ukweli. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Felistas, nayapangua, nayapanga tena.

Saa kumi na nusu nikashuka Kakamega, na mvua ikashuka nami. Huko mvua ya alasiri ni kama adhana, haikosi. Felistas alikuwa amesimama stendi na miavuli miwili, mmoja wake na mmoja wangu. Ni mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye raba nyeupe ambazo sijui huzifanyaje katika tope lile zikabaki nyeupe. Alichukua mkoba wangu, ule wenye barua, akaubeba mwenyewe hadi kwake Lurambi. Nilijaribu kumnyang'anya, akakataa kata kata, eti mgeni habebi.

Kwake nilikuta kuku amepikwa. Kabla sijauliza akanieleza kwamba amemwita Mwislamu mwenye duka la jirani aje amchinje, nisiwe na wasiwasi. Akaweka obusuma, yaani ugali, mlima mzima, na ile ingokho, yule kuku, katikati, akakaa kunitazama nikila. Mtu amekuchinjia kuku, amekubebea mzigo, na ndani ya mzigo umemletea kufukuzwa kazi. Nilikula hivyo hivyo, kwa aibu, na nikaongezwa mara mbili.

Jumanne asubuhi tulikwenda Sigalagala kwa baiskeli za boda boda, kila mtu na yake, mashine kifuani kwangu. Jozi ya kwanza ilikuwa vijana wawili wa kufanana, Mukhwana na Mulongo. Msidhani hayo ni majina ya ajabu. Huko pacha anayetangulia kuzaliwa ni Mukhwana na anayefuata ni Mulongo, na ukiyasikia hayo mawili pamoja huulizi tena. Mukhwana alikuwa akisomea uchomeleaji hapo Sigalagala. Mulongo alikuwa amekuja kutoka Bukura, kwenye chuo cha kilimo, kwa ajili yetu.

Nilimwachia Felistas apime, mimi nikasimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Nilitaka nione kosa. Sikuliona. Aliwapumzisha kwenye viti dakika kumi, aliuliza kama wamekunywa chai, alifunga kitambaa mahali pake juu ya kiwiko, akateremsha zebaki polepole kama nilivyomfundisha. Mkono wake ulikuwa bora kuliko wangu. Kila alipomaliza kupima hakutamka kitu, aliandika kwenye kitabu kidogo cha shule na kukirudisha mfukoni. Na mimi nilikuwa nikiitazama ile zebaki: Mulongo alikuwa juu ya Mukhwana kwa hatua kadhaa.

Kisha akatoa kadi mbili, akaweka karatasi ya kaboni na nakala ya ofisi chini ya kila moja, akajaza. Namba za Mukhwana aliziandika kwenye kadi ya Mukhwana. Halafu, mbele ya macho yangu haya, akaziandika zilezile kwenye kadi ya Mulongo.

Damu ilinichemka. Tulipofika barabarani nilimuuliza amefanya nini. Akaanza, "Sista, kadi inaendanga kwa mama yao," nami nikamkata kauli. Nikamwambia anyamaze, nimeona ya kutosha, tumalize kazi ya siku kwanza. Ndivyo nilivyo, mnanijua. Nikikasirika masikio yanaziba. Felistas akanyamaza kweli. Tulizunguka nyumba mbili zaidi siku ile bila neno lisilo la kazi, akapima vizuri vilevile na kuandika kadi sawa vilevile.

Jioni, nilipomaliza kuswali magharibi na kukunja msala, nilikuta juu ya meza vitabu vitatu vya shule vilivyojaladiwa kwa magazeti. Felistas alikuwa amekaa upande wa pili, mikono mapajani.

"Sasa naweza kuongea?" akauliza.

Nikafungua cha kwanza. Jozi zote zilikuwamo tangu siku aliyoanza. Kila pacha na namba yake mwenyewe, tarehe, saa, mkono uliopimwa, kama alikuja kwa miguu au baiskeli, kama alikula. Namba zilikuwa zimetofautiana kama namba za watu wa kweli zinavyotofautiana.

"Mama anaitishanga kadi," akasema Felistas. "Anaita mtoto wa shule amsomee zote mbili. Akisikia moja iko juu na ingine iko chini, hapo mimi nimetenganisha watu. Na huku abakhwana, hawa mapacha, hawatenganishwi. Ukinunulia moja shati, unanunua mbili. Ukisalimia moja, unasalimia na mwenzake. Sasa mimi niende kwa boma ya mtu niandike huyu ni mzima na huyu ni mgonjwa? Wazee wanasema ule umemtaja vibaya ndiye ataenda kaburini. Hawangenifungulia mlango tena."

Nikamuuliza kwa nini basi hakutuletea hivi vitabu.

"Ni wewe ulitufundisha, sista. Ulisema kopi ya ofisi na kadi ya nyumbani lazima ziwe kitu moja. Ulisema zikitofautiana huo ni uongo. Na ukasema tusiwahi kuvunja desturi ya watu. Nikafanya yote mawili. Vitabu hakuna mtu aliniuliza."

Kweli, wenzangu, nilisema hivyo. Niliyakumbuka maneno yangu mpaka na ile sauti ya kujiona niliyoyasemea. Mtu niliyekuja kumshika alikuwa ametii kila neno langu, na akatunza ukweli pembeni kwa juhudi zake mwenyewe, bila kuombwa. Nilikwenda nikafukua mkoba, nikaitoa ile barua, nikampa. Sikuona njia nyingine ya kuweza kumtazama usoni. Aliisoma taratibu, akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia.

"Basi pima," akasema. "Hivi vitabu vikidanganya, hiyo nitasaini."

Alikuwa ameshaliona tatizo kabla yangu. Daktari hatakubali vitabu vitatu vya shule kwa kuambiwa tu. Atasema viliandikwa jana. Kwa hiyo tulivifunga ndani ya gazeti, tukazungusha uzi, nikatia sahihi yangu juu ya fundo na yeye yake. Nyumba nitazichagua mimi. Nitapima mimi, Felistas akikaa nje. Presha hupanda na kushuka, hivyo sikutafuta namba zilezile. Nilichotaka kujua ni pacha yupi yuko juu ya mwenziwe, na kwa kiasi gani. Ikiwa vitabu vingesema kinyume na mashine yangu, daftari la Kakamega limekwisha, na Felistas naye amekwisha.

Jumatano tulikwenda Kabras, Malava huko, ambako miwa imefunika kila kitu na trekta zinapita zikiangusha mabua ambayo watoto wanayaokota. Nilichagua jozi tatu. Kila nyumba tuliyofika tulikaribishwa na kila nyumba nilipewa uji au chai, nao wenyeji wakishangaa kwa nini Felistas wao leo anakaa kwenye jua uani wakati mgeni anafanya kazi. Mama mmoja alimtolea kigoda, akaniuliza kwa upole Felistas amekosa nini. Nilijibu kwamba ni zamu yangu tu. Nilipima, nikaandika kwenye karatasi zangu, nikazificha. Wala sikumwambia Felistas nilichokiona, naye hakuuliza.

Alhamisi ilikuwa siku ya Mumias, na hiyo ndiyo sitaisahau.

Nilichagua nyumba ya Hasani na Huseni, mapacha wa kufanana, wapata miaka hamsini, Waislamu. Hasani hulima Matungu. Mkavu, mrefu, mikono imeota sugu. Huseni ana duka la nguo Mumias mjini, amenona, hutembea kutoka kwenye kiti chake hadi mlangoni na kurudi. Ukiwasimamisha pamoja utadhani ni mtu mmoja aliyepigwa picha mbili, moja kabla ya harusi na moja baada ya miaka ishirini ya pilau. Wote hukutana kwa mama yao, Bibi Zainabu, kila Alhamisi. Kadi zao zilisema presha moja, nzuri kabisa.

Tulipiga hodi kwa salamu. "Waaleikum salaam, kalibuni, wanangu," akaitikia Bibi Zainabu. Mwanamke wa miaka themanini, mwembamba, kanga mbili za kushona. Aliponisikia natoka Mombasa alinishika mkono hakuuachia, akaniuliza habari za misikiti yote anayoijua. Felistas akabaki barazani. Bibi mwenyewe alikaa mbele yangu, na mapajani ameweka mkebe wa majani ya chai ambamo anatunza kadi za watoto wake tangu ya kwanza.

Nikampima Hasani. Ilikuwa presha ya kijana. Nikampima Huseni, na zebaki ikaanza kugonga nikiwa bado sijategemea. Nikarudia. Ilikuwa juu; si ya kumkimbiza mtu hospitali, lakini juu. Nikainua macho, na watu wote watatu walikuwa wananitazama.

"Sema basi, mwanangu," akasema Bibi Zainabu. "Watoto wangu wako sawa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Jumanne nilikuwa nimeelewa kwa akili tu. Mama wa miaka themanini ameshika mkebe, ananiuliza swali ambalo jibu lake la kweli ni hapana. Huseni alinitazama, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akiniomba kwa macho.

Nikasema, "Bibi, wote wawili nimewapima kwa mashine moja. Wote wawili waendelee na wanachofanya kwa ajili ya afya yao, na wote wawili wapimwe tena mwezi ujao."

"Hata dawa wanakunywanga pamoja," akasema Bibi kwa fahari. Akapiga kofi moja, na mjukuu akaleta maji. Hasani akatoa kidonge mfukoni, Huseni akatoa chake, wakameza mbele yangu kwa wakati mmoja kama askari. Nilitazama vile vidonge. Kimoja ni cha presha. Cha pili, cha Hasani, kilikuwa vitamini.

Zikaja kadi, zenye visanduku vyake vya namba, na mjukuu amesimama tayari kusoma. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu sasa. Nikavipita vile visanduku vyote, nikaandika maneno chini yake, kwenye kadi ya Hasani na kwenye kadi ya Huseni, herufi kwa herufi: *Amepimwa. Aendelee. Arudi mwezi ujao.* Namba nikaziandika kwenye karatasi yangu. Mjukuu akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, Bibi akaitikia kwa kichwa, kadi zikaingia mkebeni. Nilijiona nimevumbua moto.

Huseni alitusindikiza hadi barabarani, Hasani nyuma yake, na huko ndiko alikonieleza. Mwaka uliopita Felistas alipompima alimkuta na presha ya kumwangusha mtu dukani. Yeye Huseni hakutaka kusikia habari za hospitali. Kuwa nusu iliyoharibika, alisema, lilikuwa jambo asiloweza kumfikishia mama yake. Felistas hakubishana naye. Aliingia ndani akamwambia Bibi Zainabu kwamba watoto wake wote wawili wanatakiwa hospitali. Basi Bibi alijifunga kanga, akamshika mmoja mkono wa kulia na mwingine mkono wa kushoto, akawapeleka mwenyewe. Daktari wa zamu akamwanzishia Huseni dawa, na Hasani, ambaye hakuwa na lolote, Felistas akamwombea vitamini.

"Angenitaja peke yangu singeenda," akasema Huseni. "Ningekuwa nimekufa, sista. Na ndugu yangu hapa analalamika mwaka mzima chakula hakina chumvi."

"Hakina," akasema Hasani.

Niliwaaga nikamtazama Felistas, aliyekuwa akijifuta raba kwa jani kama mtu asiyehusika. Nilimuuliza kwa nini hilo hakuniambia. Akasema hilo nalo halikuwa na kisanduku kwenye kadi.

Ijumaa niliswali msikiti wa mjini Kakamega, kisha tukakaa mezani Lurambi, vitabu katikati yetu. Sahihi zetu zilikuwa juu ya fundo bado. Nikakata uzi. Jozi ya kwanza ya Kabras: aliyekuwa juu kwenye karatasi yangu ndiye aliyekuwa juu kitabuni, na kwa umbali karibu uleule. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, dada wawili wasiofanana waliopishana sana, walipishana sana hata kitabuni. Nikafungua ukurasa wa Huseni. Namba yake ya kwanza ilinisimamisha nywele. Chini yake ilikuwapo ya mwezi uliofuata, na uliofuata, zikishuka moja baada ya moja kama mtu anayeteremka ngazi, mpaka pale mashine yangu ilipomkuta jana.

Nililia. Sina haja ya kuficha. Nililia kwa furaha, halafu kwa aibu, na Felistas akajifunika uso kwa aproni yake naye akalia, tukawa wajinga wawili mezani. Tulipokwisha niliichukua ile barua, nikaipasua, nikaitia jikoni chini ya sufuria ya chai. Na chai hiyo ilikuwa tamu.

Jumamosi nilirudi kwa basi lile lile na vitabu vitatu kifuani. Safari hii niliyaona mawe ya Maragoli, nikaiona chai ya Kericho, na kila kitu kilikuwa kizuri. Nilikuwa nimebeba pia kuku hai wa Felistas aliyefungwa miguu, ambaye kwa heshima zote alinyamaza mpaka Nakuru.

Jumatatu asubuhi nilimwekea Daktari vitabu mezani, na karatasi zangu kando, nikaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na lile kosa langu la kufundisha. Alichukua karatasi ya miraba akaanza kuweka nukta, nukta moja kwa kila jozi. Zile namba za kadi zilikuwa zimempa mstari ulionyooka kama rula. Za vitabuni zilianza kusogea. Mapacha wa kufanana walikaa karibu karibu na mstari. Wale wasiofanana wakatawanyika huku na huko. Nukta moja tu ya wale wa kufanana ilikwenda kukaa mbali peke yake.

"Nani huyu?" akauliza.

Nikamwambia habari za duka la nguo na shamba la Matungu, kiti na jembe, mkebe wa majani ya chai, na vitamini za Hasani. Daktari, mtu ambaye sijawahi kumwona meno, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaiweka kalamu chini akasema kwamba hili ndilo daftari bora alilo nalo kabatini. Kadi za wilaya zote zitachapishwa upya: nyumbani yaende maneno, namba zije ofisini. Na Felistas aje Nairobi awafundishe wenzake wote, mimi nikiwemo.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kumwacha mtu amalize sentensi yake. Kama ningemsikiliza Jumanne asubuhi pale barabarani Sigalagala, ningejiepusha na siku nzima ya hasira. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kupima damu na umbali wa mapacha kwa namba, lakini namba hizo zina mama, na huyo mama hukaa mbele yako akikungoja useme.

Asubuhi ile ile ya Jumatatu, saa nne, nilipiga simu kituo cha afya Kakamega, nikaomba niitiwe Felistas. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto wachanga. Nilisikia vilio vyao kwenye waya. Alipokuja nilimwambia kwamba daftari limepita, kazi ni yake, na Daktari anamwita aje kuwa mwalimu. Kisha nikasikia kigelegele, kirefu, cha mwanamke mfupi mwenye pumzi nyingi kuliko nilivyojua. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na watoto wao, wasiojua hata wanachoshangilia, wakamwitikia wote kwa pamoja. Daktari aliinua kichwa. Nami nikaitua simu begani, pale pale mbele ya mkubwa wangu, nikapiga changu cha Kisauni.